Mwenye macho haambiwi tazama: Sarafu mbili za mwaka mmoja, mama mbalimbali

Hebu tuseme, mpendwa msomaji, kwamba leo baada ya chakula cha mchana babu anaingia chumbani kwake na kutoka na mkebe wa zamani wa majani chai. Ndani mna vitu vya kila aina: vifungo vya makoti, funguo zisizojulikana ni za mlango gani, senti zenye tundu za enzi ya mkoloni, na chini kabisa sarafu mbili nzito za fedha. Zote mbili zina sura ya mwanamke aliyevaa kofia. Zote zina tai upande wa nyuma. Zote zimeandikwa mwaka 1817.

"Wewe chukua moja, nduguyo achukue nyingine," babu asema. "Zimelingana. Sitaki kusikia mtu akinung'unika."

Je, babu amesema kweli? Kwa mtu wa kawaida, naam. Uzito ni ule ule, fedha ni ile ile, na mwaka ni ule ule. Lakini mtu aliyezoea kuzichungua sarafu za fedha za Marekani za miaka hiyo hatakubali kuchagua kabla hajazitazama kwa kioo cha kukuzia. Ataikazia macho tarakimu ya mwisho ya tarehe. Akiona chini ya ile 7 kuna masalio ya tarakimu 4, atashusha pumzi na kuomba kiti aketi.

Nusu dola za kawaida za mwaka 1817 zipo nyingi, na mtu wa mapato ya wastani aweza kujinunulia moja akijinyima kidogo. Lakini zile zenye 4 chini ya 7, wajuzi wamezihesabu kama dazani moja hivi ulimwenguni kote, na baadhi yake zimepigwa mnada kwa zaidi ya dola laki moja. Mkebe mmoja, wajukuu wawili, na mgao ambao haukulingana hata kidogo!

Mfano wa babu ni wa kubuni, lakini sarafu hiyo ya 1817 haikubuniwa. Zaidi ya miaka mia moja ilipita watu wakiishika, wakiihesabu na kuilipia vitu bila kuona kilichomo. Leo basi, msomaji, tujifunze kutazama. Hata kama hutapata kamwe kuigusa nusu dola ya 1817, macho utakayoyapata yatakufaa mahali pengine pengi.

USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA

Yafaa kwanza ujue sarafu huzaliwa vipi. Mama wa sarafu ni muhuri. Sote twaujua muhuri wa ofisini, ule wa chifu au wa mwalimu mkuu, unaogongwa juu ya barua ukaacha maandishi. Muhuri wa sarafu ni wa feleji, yaani chuma kigumu, na huwa ni miwili: mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa upande wa mgongo. Kisahani cha fedha kisicho na maandishi huwekwa katikati, mashine ikabana, na kwa pigo moja pande zote mbili zikapata sura.

Siku hizi viwanda hutumia kielelezo kimoja kikuu kuzalisha mihuri yote, na mihuri hiyo hufanana kama mapacha. Ndiyo sababu ukichukua sarafu mbili mpya za shilingi ishirini za mwaka mmoja hutaona tofauti yoyote, labda mikwaruzo ya mfukoni.

Marekani ya zamani haikuwa hivyo. Sheria ya kuanzisha kiwanda cha sarafu cha taifa hilo ilipitishwa tarehe 2 Aprili, 1792, na kiwanda kikajengwa mjini Philadelphia chini ya mkurugenzi David Rittenhouse, mtaalamu wa nyota na hesabu. Mwaka uliofuata mji huo ukavamiwa na homa ya manjano iliyoua maelfu ya watu, miongoni mwao mchongaji hodari Joseph Wright aliyekuwa akikitumikia kiwanda hicho. Kazi ya kuchonga mihuri ikamwangukia Robert Scot.

Fikiria kazi yenyewe. Mchongaji alichukua kipande cha feleji kilicholainishwa kwa moto. Sura ya katikati, yaani kichwa cha mwanamke anayewakilisha uhuru au tai wa upande wa pili, aliigongomea kwa kifaa kilichokuwa na sura hiyo tayari. Lakini nyota, herufi na tarakimu aligonga moja moja kwa nyundo, akitumia vijiti vya chuma vyenye herufi kichwani, na kukadiria nafasi kwa jicho lake tu. Tena alifanya hayo yote kinyumenyume, kama maandishi yaonekanavyo katika kioo cha kujitazamia. Alipomaliza, muhuri ulitiwa motoni tena kisha ukazamishwa majini ghafla ili uwe mgumu.

Umewahi kumtazama mchoraji wa vibao vya maduka akiwa kazini? Huanza neno HOTELI kwa madaha, herufi pana pana, lakini akifika mwisho hugundua kuwa nafasi imekwisha, na ile I ya mwisho huibana pembeni kama abiria aliyechelewa matatu. Kesho akiandika neno lilo hilo kwenye duka la jirani, atakosea mahali pengine. Basi ndivyo ilivyokuwa kwa mihuri ya Philadelphia. Nyota moja ilisogea, herufi moja ikainama, tarakimu moja ikapanda juu ya wenzake. Na kila sarafu iliyozaliwa na muhuri huo ilirithi kasoro hizo, kama mtoto anavyorithi pengo la mamake.

Dola za kwanza kabisa za fedha zilitolewa tarehe 15 Oktoba, 1794. Zilikuwa 1,758 tu, na zote zilizaliwa na jozi moja ya mihuri. Mashine iliyotumika haikuwa na nguvu ya kutosha kwa sarafu pana namna hiyo, na kwa sababu hiyo nyota za upande wa kushoto mara nyingi huonekana hafifu. Moja ya dola hizo iliuzwa mnadani Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni kumi.

NDOA ZA MIHURI

Wakusanyaji wa sarafu hizi wana lugha yao, na huenda ikakuchekesha. Muhuri wa kichwa ukitumiwa pamoja na muhuri fulani wa mgongo, wao husema kwamba mihuri hiyo miwili imeoana. Mmoja ukipasuka, mwenziwe hakai eda. Huozwa mwingine siku hiyo hiyo, maana feleji ilikuwa ghali na kazi lazima iendelee. Kwa hiyo muhuri mmoja wa mgongo ungeweza kuolewa mara tatu au nne, na wakati mwingine kurudiana na wa kwanza.

Kila ndoa ilizaa watoto wake, na kuitambua ndoa ndiyo kazi yenyewe ya wanaochungua sarafu hizi. Majina ya waliotangulia katika kazi hii yanajulikana. J. W. Haseltine aliorodhesha dola, nusu dola na robo dola mwaka 1881. Ard Browning akatoa kitabu cha robo dola mwaka 1925, M. L. Beistle akafuata na cha nusu dola mwaka 1929, naye M. H. Bolender akaandika kuhusu dola nzima mwaka 1950. Lakini kwa upande wa nusu dola, jina linalotajwa kila siku ni la Al Overton, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1967 kikizungumzia sarafu za 1794 hadi 1836.

Bw Overton alizipa nambari ndoa za kila mwaka, akianzia 101. Ile ya 1817 yenye 4 chini ya 7, kwa mfano, inaitwa Overton 102 ya mwaka huo. Kwa nusu dola za 1807 hadi 1836 pekee, ndoa zinazojulikana ni takriban 450. Wapo watu waliotumia nusu ya maisha yao wakizitafuta zote.

Kwa nini nusu dola ndizo zilizopendwa hivyo? Ni kwa sababu dola nzima zilikuwa zikikimbilia ng'ambo kwa wafanyabiashara mara tu zilipotoka kiwandani, na mwaka 1804 utengenezaji wake ukasimamishwa. Nusu dola ikabaki kuwa sarafu kubwa kuliko zote za fedha nchini humo. Mabenki yaliihifadhi kwa magunia, ikawa yatoka hazina moja kuingia nyingine bila kupita sana mikononi mwa watu. Hivyo nyingi zimetufikia zikiwa na nyuso nzima, tayari kusomwa.

Kisha kuna mizani ya uhaba. Mwaka 1949 William Sheldon, aliyekuwa akiandika kuhusu senti za shaba, alibuni ngazi nane ambazo baadaye zilikubaliwa hata kwa sarafu za fedha. Ngazi ya kwanza ni ya sarafu za kawaida, zinazojulikana zaidi ya elfu moja. Ngazi ya saba ni ya ndoa zenye watoto wanne hadi kumi na wawili tu. Ngazi ya nane ni ya wale wasiozidi watatu duniani.

MKONO ULIPOTELEZA

Nusu dola ya mwaka 1807 ilichorwa upya na John Reich, mzaliwa wa Ujerumani. Wakusanyaji wengi huamini kwamba Reich alijiwekea sahihi ya siri: kijipengo kidogo kwenye ncha ya nyota ya 13. Kama ni kweli, basi ni sahihi iliyopita mbele ya macho ya wakubwa wake kwa miaka kumi.

Lakini kasoro nyingine hazikukusudiwa. Katika mwaka huo huo wa 1807, mtu mmoja kiwandani alipaswa kugonga thamani ya sarafu, yaani senti 50. Badala yake akagonga 20. Muhuri haukutupwa, tarakimu 5 iligongwa juu ya ile 2, na hadi leo unaweza kuziona zote mbili, moja imempanda mwenziwe mabegani.

Mwaka 1813 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mgonga herufi alianza kuandika neno UNITED mahali pa thamani ya sarafu, tena juu chini. Alifika UNI ndipo akashtuka. Thamani ikagongwa hapo hapo juu ya makosa, na sarafu zikatolewa hivyo hivyo. Mwaka 1817, pamoja na ile 4 iliyofichwa chini ya 7, kuna muhuri mwingine wenye nukta ndani ya tarehe, ukasomeka 181.7 kana kwamba ni hesabu ya desimali. Na mwaka 1836 mtu aligonga 00 mahali pa 50, kisha akarekebisha. Sarafu isiyokuwa na thamani!

Ile 4 ya 1817 yenyewe ina maelezo ya uchumi wa nyumbani. Muhuri wa mwaka 1814 ulikuwa umebaki bila kutumika. Mama yeyote mwenye kubana matumizi angefanya walivyofanya wao: badala ya kununua mpya, wakagonga 7 juu ya 4. Kwa bahati mbaya muhuri huo ulipasuka mapema, nayo familia yake ikawa ndogo.

Nyufa pia zina hadithi zake. Muhuri ukianza kupasuka, ufa huo huonekana kwenye sarafu kama mstari uliotuna. Nusu dola moja ya 1807 ilipata ufa uliopita kidevuni mwa yule mwanamke, na wakusanyaji wakamwita Bibi mwenye ndevu.

Wanafunzi wa sayansi, hapa pana jambo la kuwafaa. Ufa wa chuma haupoi, huzidi tu. Ukikuta muhuri wa mgongo katika ndoa ya kwanza una ufa mfupi, na katika ndoa ya pili ufa huo huo umekuwa mrefu, umeshajua ipi ilitangulia. Kwa njia hii watu wameweza kupanga utaratibu wa kazi ya kiwanda kile, muhuri baada ya muhuri, mahali ambapo vitabu vya ofisi havisemi neno.

JINSI YA KUTAZAMA

Labda sasa wauliza, "Nikiletewa sarafu kama hiyo, nianzie wapi?" Anza na utulivu. Keti karibu na dirisha, au uwashe taa moja upande mmoja ili mwanga upite juu ya sarafu kwa mshazari. Ishike kwa ukingo, kamwe usiiguse usoni. Kioo cha kukuza mara kumi, kama kile cha sonara, kinatosha.

Kwanza soma mwaka na thamani, kisha upime uzito. Nusu dola ya 1807 hadi 1836 yapaswa kuwa na gramu 13.48 ikiwa haijachakaa. Tazama ukingo wake pia. Kabla ya mabadiliko ya 1836 ukingo haukuwa na mistari, bali maneno FIFTY CENTS OR HALF A DOLLAR.

Pili, geukia upande wa kichwa. Tarehe imekaaje? Tarakimu zimesimama sawa, au moja imepanda? Nyota ziko 13. Ya kwanza iko umbali gani na kifua cha yule mwanamke? Ya mwisho iko umbali gani na nywele zake? Ncha za nyota zinaelekea wapi?

Tatu, geuza mgongo. Hapa ndipo penye ushahidi mwingi, kwa kuwa herufi ni nyingi. Juu ya tai pana utepe wenye maneno E PLURIBUS UNUM, na juu ya utepe yamepangwa maneno UNITED STATES OF AMERICA. Angalia herufi ya utepe inasimama chini ya herufi gani ya juu: katikati yake, kushoto au kulia? Angalia mistari ya ngao kifuani mwa tai, ncha za mishale, na nafasi ya 50 C chini ya mkia.

Nne, tafuta nyufa na vivuli. Mara nyingine mihuri iligongana bila kisahani cha fedha katikati, kila mmoja ukamwachia mwenziwe alama. Hapo utaona mistari ya ngao ya tai ikijitokeza hafifu nyuma ya kichwa cha mwanamke, mahali isipohusika kabisa.

Tano, andika uliyoyaona kabla ya kufungua kitabu. Ukifungua kitabu kwanza, jicho litaona kile unachotamani liione. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii haraka imewatia watu wengi hasara.

DOLA YA SEYYID SAID

Hadi hapa msomaji wa Mombasa au Lamu aweza kusema, "Haya ni mambo ya Marekani, yatuhusu nini?" Subiri kidogo. Sarafu inayojulikana kuliko zote katika somo hili ilitengenezwa kwa ajili ya mtawala wa pwani yetu.

Mwaka 1827 mfanyabiashara Edmund Roberts wa Portsmouth, New Hampshire, alifika Unguja kwa biashara, na huko akaonana na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Unguja. Ndiye huyo huyo aliyewang'oa akina Mazrui Mombasa mwaka 1837. Roberts aliporudi kwao aliishawishi serikali yake ifanye mkataba na mtawala huyo. Mkataba ukatiwa sahihi Muscat tarehe 21 Septemba, 1833.

Ikabaki shughuli ya zawadi. Mwishoni mwa 1834 serikali ya Rais Andrew Jackson iliagiza kiwanda cha Philadelphia kiandae seti kamili za sarafu za taifa. Seti kamili ilihitaji dola nzima, na dola nzima zilikuwa hazijatengenezwa kwa miaka 30. Wakafungua vitabu na kuona kwamba mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1804, dola 19,570. Basi wakachonga mihuri yenye tarehe 1804.

Wasilolijua ni kwamba dola zile 19,570 hazikuwa na tarehe hiyo. Wafanyakazi wa 1804 walikuwa wametumia mihuri ya miaka iliyotangulia, kwa ubanaji matumizi ule ule. Kwa maneno mengine, kiwanda kilitengeneza mwaka 1834 dola za 1804 ambazo mwaka 1804 hazikuwapo!

Roberts alisafiri na zawadi hizo katika manowari Peacock. Ilitia nanga Unguja mwezi wa Septemba 1835, ikaelekea Muscat, na njiani ikakwama kwenye miamba karibu na kisiwa cha Masirah. Roberts alilazimika kumalizia safari kwa mashua ndogo. Hata hivyo zawadi zilinusurika, na mwanzoni mwa Oktoba Seyyid Said akazipokea. Seti nyingine ilipelekwa kwa Mfalme wa Siam.

Miaka ikapita, siri ikasahaulika. Wakusanyaji walipoanza kuziona dola za 1804 walizozana kwa vizazi: hawa wakisema ni halisi, wale wakisema ni za uongo. Tarehe haikuweza kuamua, kwani tarehe ndiyo iliyokuwa ikishukiwa. Aliyeamua ni muhuri. Dola za miaka ya 1790 hadi 1803 zina ukingo wa usoni wenye vijimeno vilivyochongwa kwa mkono, visivyolingana. Dola za 1804 zina shanga nadhifu zilizozungukwa na mdomo ulioinuka, kazi ambayo kiwanda kilianza kuifanya mwishoni mwa miaka ya 1820. Eric Newman na Kenneth Bressett waliyaeleza hayo yote kitabuni mwaka 1962, na mwaka huo huo ile seti ya Mfalme wa Siam ikajitokeza hadharani ikiwa na dola ya 1804 ndani yake.

Kisha muhuri ukafichua la pili. Dola nane za 1804 zina mgongo wa aina moja. Nyingine chache zina mgongo mwingine: herufi za STATES zimekaa tofauti juu ya mawingu yaliyo kichwani mwa tai. Hizo zilitengenezwa kichinichini miaka mingi baadaye, kuanzia mwaka 1858, ili wakubwa wa kiwanda wajipatie chochote. Moja wao iligongwa juu ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857, na alama za sarafu hiyo ya kwanza bado zaonekana. Sarafu ya 1804 iliyozaliwa juu ya mgongo wa sarafu ya 1857! Sasa imo katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Na ile ya Seyyid Said? Dola inayodhaniwa kuwa ndiyo hiyo iliuzwa mwaka 1999 kwa dola milioni 4.14, na ilipouzwa tena mwaka 2021 ikafika dola milioni 7.68.

TAHADHARI

Penye mali hapakosi matapeli. Wapo waliokwangua dola ya 1801 hata 1 ikawa 4. Mtu anayetazama tarehe pekee atauziwa. Anayejua mihuri atageuza mgongo, aone kwamba haulingani na mgongo wowote wa dola za 1804, na kuirudisha kwa mwenyewe kwa adabu. Siku hizi kuna sarafu bandia zinazonakiliwa kutoka kwa moja halisi. Hizo hujisuta zenyewe, kwa sababu mkwaruzo uliokuwa kwenye ile halisi hujirudia mahali pale pale katika kila nakala. Mihuri hurudia kasoro zake, lakini mikwaruzo ya mfukoni haipaswi kujirudia.

La mwisho na la muhimu zaidi kwa nyumba zetu: ukikuta sarafu kuukuu, usiisugue. Usitumie majivu, wala dawa ya kung'arisha shaba, wala mswaki. Ule weusi wa miaka si uchafu, na kila msuguo hufuta herufi ambazo huenda ndizo ushahidi pekee. Wala usikimbilie kuiuza kwa uzito wa fedha. Ipige picha pande zote mbili, iandike, kisha uulize.

Kama wataka kuanza mazoezi leo, huhitaji dola. Omba wazee zile senti kumi zenye tundu za Afrika Mashariki. Zichunguze kwa kioo: nyingine zina herufi ndogo H, za kiwanda cha Heaton, Birmingham, na nyingine KN, za King's Norton. Zilikuwa mifukoni mwa mababu zetu kwa miaka mingi, na ni wangapi waliowahi kuziona herufi hizo?

Basi turudi kwa babu na mkebe wake. Wajukuu wawili wameketi mbele yake, mikono imenyooshwa, na sarafu mbili za 1817 ziko mezani. Ikiwa mmoja wao ni wewe, usimnyang'anye nduguyo, wala usimfiche unalolijua. Leteni kioo, mtazame pamoja, na babu naye atazame. Kama 4 imo chini ya 7, hiyo ni mali ya ukoo mzima, na ni heri iwapatanishe kuliko kuwafarakanisha. Kama haimo, mtakuwa mmesoma kazi ya mkono wa fundi mmoja aliyeishi Philadelphia zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na kujua ni nyota gani iliyomponyoka siku hiyo.